Kitabu cha Majina Elfu Moja, na Mjukuu Wangu Rehani

Mkaza mwanangu alipofikisha miezi saba ya ujauzito alinunua kijitabu cha majina ya watoto kwa muuza vitabu anayetandaza bidhaa zake chini, jirani na stendi ya mabasi hapa Tanga. Alilipa shilingi elfu nne, akaniletea nikipitie, kwa sababu nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo yote kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua daftari la mahudhurio na kuita majina ya watoto wa watu. Mtoto keshazaliwa, keshapewa jina, na jina lenyewe lilitoka humo humo kitabuni, kwa hiyo nakihakiki nikiwa mtu aliyekitumia na kuona kilivyofanya kazi. Sitamtaja mchapaji wake. Mwandishi naye hakujitaja. Jalada linasema tu kwamba kimetayarishwa na jopo la wataalamu.

Kina kurasa 72 za karatasi nyembamba zilizoshikwa kwa pini mbili, ambazo zilianza kung'oka mwezi wa pili. Juu ya jalada kuna picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka ndani ya beseni, na chini yake maneno "Majina 1,000 ya Kisasa na Maana Zake". Majina yamepangwa kuanzia A hadi Z, kila moja likiwa na jinsia, asili na maana ya maneno matatu au manne. Herufi ni kubwa, na kwa macho yangu hiyo ni fadhila.

Nianze na kilichonipendeza. Sehemu ya majina ya Kiarabu imeandikwa na mtu anayejua anachokisema. Anaeleza kwamba Abdul si jina kamili, kwa maana ni "mja wa" na linangoja moja ya majina ya Mwenyezi Mungu lifuate, kama katika Abdulkarim au Abdulrahman, hivyo anayemwita mwanawe Abduli peke yake ni kama ameanza sentensi akaghairi. Madaftari yangu yalijaa akina Abduli, na sikuwahi kuwa na njia rahisi ya kuwaeleza wazazi wao jambo hilo. Kuna pia ukurasa mmoja kuhusu akika: jina kutolewa siku ya saba, kunyolewa nywele za mtoto na kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Ukurasa huo ni sahihi, na ni mfupi kama inavyotakiwa.

Mashaka yanaanza pale jopo linapofika kwenye majina linayoyaita ya Kiswahili. La kwanza ni Ayana, na maana yake imeandikwa "ua zuri". Nimezungumza Kiswahili tangu nilipojua kusema na nimekifundisha kwa miaka 31, lakini ua hilo sijalikuta kondeni wala kamusini. Mbele kidogo yupo Zuri, "mrembo". Asiyejua sarufi yetu anaweza kuona kwamba hilo ni neno kamili, lakini sisi tunajua kuwa ni shina linalosubiri kiambishi: mtoto mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Likisimama bila kiambishi linakuwa la ngeli moja na tunda, jino na gari, na kila nikisikia msichana anaitwa Zuri sikio langu linauliza kwanza, gari zuri au tunda zuri? Mkaza mwanangu alicheka, akaniambia, "Mama, wewe jina unalisahihisha kama insha." Alikuwa na haki, nami nakubali kwamba wasichana wenye jina hilo ninaowafahamu wamelivaa vizuri.

Ni dhahiri sehemu hiyo ilinakiliwa kutoka katika orodha za Marekani, na safari ya majina hayo ina historia ya kuheshimika ambayo jopo lingeweza kuieleza kwa aya moja. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha huko California sikukuu ya Kwanzaa na kuipa misingi saba kwa maneno ya lugha yetu: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Kuumba, Nia na Imani. Katika miaka iliyofuata Wamarekani Weusi waliokuwa wakitafuta majina yasiyotoka kwa waliowatumikisha mababu zao waliyachukua maneno ya Kiswahili, na ndivyo Imani na Nia yalivyopata kuwa majina ya watu mbali kabisa na pwani yetu. Huko yalikotoka yana sababu yake. Kasoro ni kuyarudisha kwetu pamoja na makosa yaliyookotwa njiani, kisha kumuuzia Mswahili kwa shilingi elfu nne kama urithi wa bibi yake.

Jina la mjukuu wangu lilitokana na kasoro ya namna hiyo hiyo, ila hii ilituingia hadi ndani ya nyumba. Kwenye herufi R, wazazi wake walikuta "Rayan: mfalme mdogo". Walilipenda, na nani asiyetaka mfalme mdogo? Siku ya akika, ustadhi alipoombwa dua, aliwapongeza kwa kuchagua jina la mlango wa peponi unaoitwa Rayyan, ambao kwa mujibu wa hadithi ya Mtume wataingia wafungaji. Mwanangu alinitazama, mimi nikamtazama mkewe. Niliporudi nyumbani nilifungua kitabu tena nikakuta kwamba jopo limechanganya majina mawili yasiyo na udugu. Ryan ni jina la Kiairishi, na huko ndiko anakotoka mfalme mdogo. Rayyan ni la Kiarabu, na lina maana ya aliyekata kiu, aliyestawi kwa maji. Jopo lilichukua tahajia inayoelekea Uarabuni likaipachika maana ya Ireland. Kwa bahati, maana iliyopatikana kwa makosa iliwapendeza wazazi kuliko ile waliyoinunua.

Karatasi, hata hivyo, hazina bahati ya aina hiyo. Muuguzi aliandika "Rayani" kwenye kadi ya kliniki, kama anavyolitamka yeye. Kwenye tangazo la kizazi likaandikwa "Rayan". Tulipokwenda kuchukua cheti katika ofisi ambayo nayo sitaitaja, tulikuta "Ryan" kwa herufi kubwa, na karani, kijana mpole sana, akatueleza kwamba alilirekebisha mwenyewe kwa nia njema kwa kuwa jina hilo anaandikwa hivyo mchezaji wa zamani wa Manchester United. Nilimwambia, "Mwanangu, huyu mtoto hajaanza hata kutambaa." Akacheka, akasema tulete hati ya kiapo kutoka kwa wakili ili jina lirudi lilivyokuwa. Mwendo huo ulituchukua miezi miwili na nauli za kwenda na kurudi ambazo nilikoma kuzihesabu. Kitabu cha majina kinachouzwa katika nchi ambayo kila jina la kigeni hupita katika masikio ya muuguzi, ya mtendaji na ya karani kingepaswa kuwa na sentensi moja tu: liandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi na umkabidhi kila anayeshika kalamu.

Lakini hayo ni makosa, na makosa husahihishwa katika toleo la pili. Kilichonikera zaidi ni majina ambayo hayamo kabisa. Neno "kisasa" kwenye jalada limetumika kuyafukuza karibu majina yote ambayo watu wetu waliyatunga wenyewe. Chausiku aliyezaliwa usiku hayumo. Mosi, Pili na Tatu, ambao ukiwaita tu unajua nani alimtangulia nani, hawamo. Hayumo Mwanaidi wa sikukuu wala Mwajuma wa Ijumaa. Kulwa na Doto, ambao kwa Wasukuma jina linakueleza pacha yupi aliwahi kuuona ulimwengu, hawamo. Na wale ambao majina yao ni barua kwa majirani, akina Semeni, Sikudhani, Vumilia na Sikujua, nadhani jopo liliwaonea aibu. Najua mama mmoja aliyemwita bintiye Semeni baada ya kusengenywa ujauzito mzima. Tangu siku hiyo kila jirani aliyemwita mtoto huyo alikuwa akijipa ruhusa mwenyewe.

Hapa ndipo linapoingia suala ambalo kitabu chote hakiligusi, yaani jinsi watu wanavyolipokea jina. Mwaka 1994, katika shule moja ya wilaya ya Pangani, nilikuwa na mvulana aliyeitwa Shida. Siku ya kwanza niliita, "Shida?" Jirani yake wa dawati akajibu, "Yupo, mwalimu." Sauti kutoka nyuma ikadakia, "Shida ipo!" Darasa zima likaangua kicheko. Nataka msomaji aone mzaha ule uliegemea wapi, kwa sababu mtoto yule wa nyuma, bila kujua, alikuwa akinifundishia somo langu. Shida ikiwa neno, tunasema ipo. Akiwa mtu, tunasema yupo. Kumpa mtu jina katika lugha yetu ni kulitoa neno katika ngeli yake na kulitia katika ngeli ya watu, na mwenzake anayetaka kumtania halazimiki kutukana, inatosha abadilishe kiambishi kimoja tu ili amrudishe kuwa kitu. Siku ambazo Furaha alikuwa mgonjwa na Amani kahamia Korogwe, kuita majina ya darasa lile kulikuwa mtihani kwa mwalimu anayejitahidi kutocheka: Furaha hayupo, Amani hayupo, Shida yupo.

Sikumwadhibu mtu. Kesho yake, kabla hata sijamaliza kulitamka jina lake, mvulana yule alisimama akasema, "Shida nipo, mwalimu, na kesho nitakuja tena." Wakacheka wote naye akicheka, na baada ya wiki mbili hakuna aliyekumbuka kwamba jina lile lina maana. Mama yake alipokuja kwenye kikao cha wazazi nilimuuliza kwa adabu alilitoa wapi. Alisema, "Mwalimu, mwaka ule mambo yalikuwa mengi. Nikamwita Shida, ili shida nyingine zikija zikute nafasi imeshajaa."

Mtoto mwingine, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa lilimuumiza, aliitwa kwa jina ambalo kwa lugha ya nyumbani kwao ni la heshima na kwa Kiswahili ni tusi zito. Huyo hakuzoeleka. Alinyamaza kila nilipofika herufi yake, mpaka tukakubaliana na baba yake kwamba shuleni atumie jina la babu. Nasema haya ili nisionekane natetea kila jina la kale. Yapo yanayomchosha mwenyewe, na kitabu kizuri cha majina kingemwambia mzazi alitamke kwa sauti mbele ya watu wa makabila mawili matatu kabla ya kulifikisha ofisini.

Angalia pia kitabu kinavyowachagulia watu mashuhuri majina. Julius yumo, na ameelezwa kuwa "mwenye ndevu changa". Kambarage hayumo. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, mtembezi. Alipolia bila kunyamaza, wazee wa Kizanaki walitafuta ushauri, akapewa jina la mzimu wa mvua, Kambarage, na hilo Julius lilikuja baadaye sana, alipobatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima. Nyerere lenyewe ni viwavi, kwa kuwa baba yake alizaliwa wakati viwavi walipovamia. Vivyo hivyo Nelson yumo, "mwana wa Neil", jina ambalo mwalimu wa shule alimpa Mandela siku ya kwanza darasani. Rolihlahla, alilopewa na baba yake, ambalo ni mvuta tawi la mti na kwa lugha ya mitaani ni mchokozi, halimo. Niliona haya kidogo kusoma hivyo, maana nami katika miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa mwalimu wa aina ile, wa kumuuliza mtoto jina lake "la shule".

Na ikiwa jopo lilihofu kwamba majina ya namna hiyo yatawazuia watoto kufika mbali, lingetazama tu nani wamekaa kwenye viti vya mbele. Rais wa tano wa Tanzania, aliyechaguliwa mwaka 2015, alikuwa John Pombe Magufuli, na utani wote uliowezekana kuhusu jina hilo la kati ulikwisha kufanywa kabla hajaapishwa. Mwaka 2022 Bunge lilimchagua Spika aitwaye Tulia, jina ambalo ni amri inayofaa kabisa katika ukumbi ule. January Makamba alizaliwa Januari. Washabiki wa Simba wa umri wangu waliimba jina la Zamoyoni Mogella katika miaka ya 1980 na sikumbuki aliyesimama kuuliza ni mambo yapi hayo ya moyoni. Uhuru Kenyatta alizaliwa mwaka 1961, nchi yake ikiudai uhuru ambao ulikuja miaka miwili baadaye.

Ukurasa wa mwisho, wenye kichwa "Je, Wajua?", ni wa kufurahisha, ingawa umejazwa ughaibuni mtupu. Unataja Iceland, ambako kamati ya serikali huamua jina jipya linakubalika au la, na Ufaransa, ambako jaji mwaka 2014 aliwakatalia wazazi kumwita binti yao Nutella, jina la chokoleti ya kupaka mkate, na New Zealand, ambako mwaka 2008 jaji alimweka msichana wa miaka 9 chini ya ulinzi wa mahakama ili aweze kuachana na jina lake, Talula Does The Hula From Hawaii. Hayo ni kweli. Lakini hawakuhitaji kuvuka bahari. Obama aliposhinda uchaguzi wa Novemba 2008, wapo waliozaliwa magharibi mwa Kenya wakaitwa Barack na Michelle, na alipozuru nchi hiyo Julai 2015 akapatikana mtoto aliyeandikwa AirForceOne, jina la ndege ya rais wa Marekani. Watu walicheka, ila ukiwajua Wajaluo, ambao mtoto wa mvua humwita Okoth na wa asubuhi Akinyi, utaona kwamba mzazi yule hakuacha mila. Siku hiyo kilichoshuka kutoka angani hakikuwa mvua, basi.

Turudi kwa mjukuu. Cheti kilipopatikana, tulimpeleka Pangani kwa mama yangu, ambaye macho yamepungua lakini masikio anayachagulia kazi. Alimpakata, akamnusa utosini, akauliza, "Na huyu mume wangu anaitwa nani?" Mkaza mwanangu akajibu kwa kutamka vizuri, silabi moja moja, kama nilivyomfundisha baada ya mambo ya ofisini. "Rehani," akasema mama yangu. Tukamsahihisha. "Ndiyo, nimesikia. Rehani. Jina zuri, la kwetu." Akaagiza aletewe kikuba kilichokuwa juu ya mto, akachomoa jani la mrehani kati ya asumini, akalivunja kwa kucha, akampitishia mtoto puani. Mtoto akapiga chafya. Mwanangu, mhasibu, akanong'ona kwamba rehani ni kitu anachowekewa mkopeshaji. Bibi yake akamwambia, "Na wewe ni nani aliyekukopesha huyu?" Tangu siku hiyo nyumba nzima inamwita Rehani, na akiitwa Rayan hageuki.

Kwa hiyo natoa nyota mbili kati ya tano: moja kwa sehemu ya Kiarabu na ukurasa wa akika, moja kwa ukubwa wa herufi. Anayetafuta jina la Kiislamu na ana ustadhi wa kumuuliza kabla ya siku ya saba hatapata hasara kukinunua, ila apunguziwe bei, kwa maana elfu nne kwa pini zile ni nyingi. Anayetaka jina la Kiswahili asikinunue. Akakae kibarazani na mtu mwenye umri wa mama yangu, na achukue daftari. Nakala yetu nimemwazima binti wa jirani, mjamzito wa miezi sita. Nimeishona kwa uzi, nimepiga mstari juu ya Ayana, na kwenye ukurasa wa R nimeandika kwa penseli Rehani, na mbele yake, pale ambapo jopo huweka asili ya jina, nimeandika Pangani.